Kulisha mbwa mkubwa mwenye kazi: kutoka mapanki hadi ganda la yai

Mbwa wangu wa kwanza mkubwa nilimharibu kwa mapenzi. Alikuwa German Shepherd, nilimpata akiwa na miezi miwili, nikaapa kwamba hataonja ugali maishani mwake. Kila jioni nilipita buchani Kirumba, hapa Mwanza, nikatoka na kilo ya nyama laini isiyo na mfupa. Majirani walininong'ona kwamba mbwa wangu anakula Sikukuu kila siku. Alipofikisha miezi mitano miguu ya mbele ikapinda, akawa anakanyagia vifundo vya miguu badala ya vidole, na ukimshika mgongoni analia. Daktari wa mifugo alipomwona hakuniuliza ameanza lini kuumwa. Aliniuliza: "Huyu kalisiamu anaipata wapi?"

Sikuwa na jibu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi mno na kalisiamu kidogo sana. Tofauti yake ni mara 15 hadi 20. Mbwa anahitaji kalisiamu izidi fosforasi kidogo, kama 1.2 au 1.4 kwa 1. Asipoipata kwenye chakula, mwili unakwenda kuichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Simba wa porini hapati shida hiyo kwa sababu anatafuna na mifupa. Mimi nilimpa mbwa minofu na kumwachia muuza bucha mifupa.

Kwa hiyo nikisema mbwa mkubwa alishwe chakula cha asili, simaanishi nyama tu. Wala simaanishi ukoko wa ugali na maji ya mchuzi, ambao ndio mlo wa mbwa wengi mitaani kwetu. Namaanisha sufuria unayopika mwenyewe, kwa vitu vya sokoni, ambayo ndani yake kuna nyama, mafuta, kalisiamu, na wanga wa kiasi. Hivi ndivyo ninavyofanya sasa kwa mbwa wawili wa kilo 40 kwenda juu.

Hatua ya kwanza: mpime

Usikadirie kwa macho. Mbwa wa kilo 35 mwenye manyoya mengi anaonekana sawa na wa kilo 45. Mizani ya bafuni haifai sana maana kumbeba mnyama wa ukubwa huo ni mieleka. Mimi huwapeleka kwenye mashine ya kusaga, ile mizani ya kupimia magunia. Mwenye mashine alicheka mara ya kwanza, sasa ananiuliza mwenyewe "mzigo umeongezeka?"

Ukishapata uzito, chukua simu. Zidisha uzito kwa uzito, kisha kwa uzito tena, bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili, kisha zidisha kwa 70. Mfano wa kilo 40: 40 x 40 x 40 ni 64,000, kipeuo chake ni 253, kipeuo cha hiyo ni 15.9; mara 70 unapata kama 1,113. Hizo ni kilokalori anazotumia mbwa kwa siku akiwa amelala tu. Sasa zidisha kwa 1.6 kama ni mbwa wa kawaida mzima, utapata karibu 1,780. Zidisha kwa 2 kama kweli anakimbia au anafanya doria ya saa nyingi, utapata 2,230 hivi. Kwa kilo 30 ni 1,435 na 1,795. Kwa kilo 50 ni 2,100 na 2,630.

Hapo penye "kweli anakimbia" watu wengi hujidanganya. Mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa, akafunguliwa saa tatu usiku akalale barazani, si mbwa mwenye kazi hata kama shingoni ana mnyororo wa kilo mbili. Huyo mpigie 1.6, na akianza kunenepa mteremshe zaidi.

Unene si sifa. Kuna utafiti wa Marekani uliofuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2002, waliokula pungufu walikuwa wameishi takriban mwaka mmoja na miezi kumi zaidi, na matatizo ya viungo yaliwachelewa. Kwa mbwa mkubwa, ambaye nyonga na magoti ndiyo yanayomwangusha uzeeni, hilo ni jambo la kulala nalo.

Hatua ya pili: kwenda sokoni

Nyama. Ulizia buchani "nyama ya mbwa": masalia, nyama ya kichwa, moyo, bandama, koromeo, vipande vyenye mafuta ambavyo wateja wanavikataa. Moyo ni nyama kabisa, tena safi. Mafuta usiyaogope, mbwa anayekimbia anachoma mafuta kabla ya wanga, tofauti na sisi wa chai na chapati. Mapafu ni ya kujaza tumbo tu, lakini si mabaya. Nunua kwenye bucha ambayo nyama yake imepigwa mhuri.

Maini yanastahili sentensi zake. Ni dawa na ni sumu. Yana vitamini A na shaba ambayo huipati kirahisi kwingine, ila vitamini A ikizidi kwa miezi mingi inaharibu viungo na uti wa mgongo. Mbwa wa kilo 40 anatosheka na gramu 50 kwa siku, yaani kama robo tatu ya nusu kilo kwa wiki nzima. Yule anayelisha maini matupu kila siku kwa sababu ni rahisi kutafuna, aache.

Dagaa. Hapa wakazi wa Kanda ya Ziwa tumejaliwa. Pale Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, unanunua sado nzima ya dagaa wa Ziwa Victoria (Wakenya ndio omena, Waganda mukene), na kwa kuwa mbwa anawala na kichwa na mifupa yao, unapata protini na kalisiamu kwa pamoja. Shida yao ni mchanga. Wale walioanikwa chini wana mchanga mpaka wanalia ukiwatafuna. Wa kwenye chanja ni wasafi na bei imepanda kidogo. Ukinunua wa chini, wapepete, kisha waloweke, wavuruge kwa mkono na uwachote kwa juu; mchanga utabaki chini ya beseni. Fanya mara mbili. Walio pwani waangalie chumvi: dagaa wengi wa Zanzibar huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke saa kadhaa na umwage maji. Dagaa wa Kigoma ni watamu mno kwa kazi hii. Mkeo au mama mkwe akikukuta unawamwaga kwenye bakuli la mbwa, mimi simo.

Mapanki. Mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kuchukuliwa bado ina nyama nyingi pembeni ya uti na kichwani. Ni chakula kizuri cha bei nafuu, lakini kina masharti ya jikoni nitakayoyaeleza.

Wanga. Wapo wanaosema mbwa ni mbwamwitu na hapaswi kugusa nafaka. Si kweli. Watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha mwaka 2013 kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga, wakati mbwamwitu ana mbili tu. Ameishi jikoni kwetu muda mrefu wa kutosha. Kwa hiyo dona, mchele chenga, viazi vitamu, vyote vinafaa, mradi visizidi theluthi moja ya chakula. Ugali ni wa kushibisha. Kazi inafanywa na nyama.

Ila mahindi yenye ukungu usimpe, hata kama muuzaji anasema "haya ni ya mifugo". Sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Ini la mbwa ni jepesi kuumia na sumu hiyo kuliko la wanyama wengi, na kuchemsha hakuiondoi. Kama huna imani na mahindi ya msimu, tumia chenga za mchele.

Mboga ni kidogo: boga, karoti, mchicha au matembele. Na mayai, ambayo maganda yake usitupe.

Hatua ya tatu: unga wa maganda

Hiki ndicho kitu kidogo kilichoniokoa, na ndicho wanachokisahau wengi. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani. Asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Kwa hiyo ukiona mapishi yoyote, haya yangu yakiwemo, tafuta kwanza kalisiamu iko wapi.

Kusanya maganda ya mayai, hata ya mama wa chipsi wa jirani. Ana ndoo nzima kila usiku. Yaoshe, yachemshe dakika kumi, yaanike mpaka yakauke kiasi cha kupasuka ukiyabana. Kisha saga. Blenda inafanya, ila hata kinu na mchi vinatosha. Endelea mpaka unga uwe laini kama poda, ukiusugua katikati ya vidole usisikie chembe. Ukibaki na vipande vya kukwaruza utatoka kama ulivyoingia. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina kalisiamu karibu gramu 2, ambayo ndiyo mahitaji ya siku ya mbwa mzima wa kilo 40. Hifadhi kwenye kopo kavu lenye kifuniko, unakaa miezi.

Hatua ya nne: kupika

Kwanza tumalize ubishi wa mbichi na kupikwa. Wazungu wengi wanaolisha chakula cha asili wanatoa nyama mbichi, na mazingira yao yana friji kila mahali na machinjio yenye ukaguzi mkali. Sisi tuna jambo jingine: minyoo ya tegu ambayo vivimbe vyake vyenye maji hukaa kwenye mapafu na maini ya mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mbwa akila viungo hivyo vibichi, minyoo inakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, mtoto anachezea mbwa, na baada ya miaka mtu anafanyiwa upasuaji wa kivimbe kwenye ini. Turkana wameuguza sana ugonjwa huu, na jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanaufahamu. Mimi nachemsha kila kiungo si chini ya dakika 30 tangu maji yaanze kutokota, na ukiona kivimbe chenye maji kwenye ini, usimpe hata kikipikwa. Chimbia chini kabisa au choma. Asili yangu inaishia hapo.

Hiki ni kipimo cha siku tatu kwa mbwa mmoja wa kilo 40 mwenye shughuli za wastani:

Nyama mchanganyiko yenye mafuta kiasi, kilo moja na robo, pamoja na maini gramu 150. Dagaa wakavu waliosafishwa, gramu 150. Unga wa dona au chenga za mchele, gramu 360. Boga na majani, karibu nusu kilo. Mayai matatu. Mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya chakula. Unga wa maganda vijiko vitatu vya chai. Chumvi yenye madini joto, nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Hiyo ni kwa ajili ya madini joto, si ladha, na kama dagaa wako ni wa chumvi, iache.

Katakata nyama vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Weka sufuriani na dagaa, maji lita tatu, funika. Yakishatokota hesabu dakika 40. Usimwage supu, mafuta na vitamini nyingi zimo humo. Tia mboga zilizokatwa ndogo sana, maana mbwa hatafuni mboga, anaimeza, na kipande kikubwa cha karoti utakikuta kesho uani kikiwa kizima. Nyunyiza unga kidogo kidogo huku unakoroga kama uji mzito, acha uive dakika 15 kwa moto mdogo. Vunja mayai ndani, koroga. Epua. Ikishapoa kiasi cha kushikika, changanya mafuta na unga wa maganda. Gawa mafungu sita. Ya leo na kesho yakae kwenye friji, ya kesho kutwa yagandishe. Asiye na friji apike kila siku kwa theluthi ya vipimo hivi. Kwa joto letu uji wa nyama haulali.

Ukitumia mapanki badala ya dagaa, hapa ndipo masharti yanapoingia. Mfupa wa samaki uliopikwa nusunusu ni sindano. Yaweke kwenye sufuria ya presha, maji yafunike, na uyachemshe saa moja na nusu. Fungua, toa kipande cha uti wa mgongo, kibane kwa kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka kama biskuti iliyolowa kwenye chai, yako tayari. Kikipinga au kikichoma, rudisha motoni. Ponda yote kwa mwiko mpaka yawe rojo, na siku hizo punguza unga wa maganda ubaki nusu kijiko. Bila presha, toa nyama kwa mkono na mifupa utupe mbali.

Mifupa ya kuku na ya mbuzi iliyopikwa usimpe kamwe. Ikipikwa hukauka na kuvunjika kwa ncha kali. Najua sote tumeona mbwa wa mtaani anaitafuna na kesho yupo. Hatujahesabu ambao hawakuwepo.

Hatua ya tano: saa za kula

Mbwa wenye kifua kirefu kama German Shepherd, Doberman, na zaidi ya wote Great Dane, wana hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota. Dalili: tumbo linakaza kama ngoma, anataka kutapika na hakitoki kitu ila povu, anahangaika, hapati pozi la kulala. Usimpe soda, usimpe mafuta ya nazi, usisubiri asubuhi. Hiyo ni ya upasuaji, ndani ya saa chache.

Kumpunguzia hatari, gawa chakula mara mbili kwa siku, wala si sufuria moja kubwa jioni. Anayekula kwa pupa mtandazie chakula kwenye sinia pana lenye jiwe kubwa safi katikati; analizunguka na kasi inapungua. Asikimbie saa moja kabla ya kula wala saa mbili baada. Mbwa wangu wa doria hula mlo mkubwa saa moja asubuhi, anapotoka zamu na siku nzima ya kulala ipo mbele yake, na mlo mdogo saa kumi na moja jioni. Maji yawepo muda wote. Kilo 40 huhitaji lita mbili hadi mbili na nusu, na siku ya jua kali zaidi.

Hatua ya sita: kumhamisha taratibu

Mbwa aliyezoea chakula cha mfuko au ugali mtupu, usimgeuzie sufuria ghafla. Atakuharishia uwanja mzima. Siku tatu za kwanza robo iwe chakula kipya, siku tatu zinazofuata nusu, halafu robo tatu, na kufikia siku ya kumi awe amehama kabisa. Mpe dawa ya minyoo kabla ya kuanza, na uirudie kila miezi mitatu, la sivyo unapikia minyoo.

Baada ya hapo daktari wako wa kila siku ni vidole vyako na kinyesi chake. Pitisha kiganja ubavuni: mbavu zihisike kirahisi bila kuonekana kwa mbali, na ukimtazama kwa juu awe na kiuno. Ukihisi godoro, punguza wanga kwanza, sehemu moja ya kumi. Kinyesi kiwe kigumu kiasi, rangi ya kahawia. Kikiwa cheupe na kinavunjika kama chaki, kalisiamu au mifupa imezidi. Kikiwa cheusi na laini, angalia maini. Kikiwa kingi kupita kiasi, ujue unga ni mwingi kuliko nyama. Mpime upya kila baada ya wiki mbili kwa miezi miwili ya mwanzo.

Vya kumnyima

Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, kwa sababu vinapasua chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana mchuzi wa nyumbani si chakula cha mbwa. Zabibu, chokoleti, njugu za makadamia (walio Kenya ya kati wawe macho), bazoka zisizo na sukari, machicha ya pombe, na unga uliotiwa hamira ambao haujaiva. Kokwa la parachichi linaziba utumbo. Wenye mti uani waokote yaliyodondoka.

Mtoto wa mbwa mkubwa ni habari nyingine

Vipimo vyote hapo juu ni vya mbwa mzima. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa anakua mpaka miezi 18 na zaidi, na kosa lake ni la pande mbili: kalisiamu ikipungua mifupa inalainika kama ya yule wangu, ikizidi viungo vinakua kombo, na yeye bado hawezi kuizuia isipenye utumboni kama mkubwa anavyoweza. Kwa umri huo mimi nimeshindwa kujiamini na sufuria. Ninanunua chakula cha mfuko kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wakubwa, simwongezei unga wa maganda hata chembe, na ninampunja kidogo ili asikue kwa haraka. Sufuria anaanza kuionja akifikisha mwaka na nusu.

Yule wa kwanza alipona, kwa sehemu. Miguu ilinyooka kiasi baada ya miezi mitatu ya dagaa na dawa za daktari, lakini mguu wa kushoto ulibaki umegeuka nje, na hakuwahi kuruka ukuta.